Walafi Watatu wa Banda la Kwanza

Inspekta Tadjiddine hakuwa mtu wa kuogopa maiti, lakini maini aliyowekewa mezani asubuhi ile ya Jumatano yalimfanya arudishe kiti nyuma. Yalikuwa matano, kila moja ndani ya chupa yake, na rangi yake ilikuwa ya siagi iliyosahaulika juani.

"Ini lenye afya huwa jekundu la kukaribia kahawia," alisema Daktari Ratsimba kwa Kifaransa, lugha waliyokuwa wakielewana vizuri zaidi. "Haya yamejaa mafuta. Nikiyakata, kisu kinatoka kinang'aa."

"Ya nguruwe?"

"Ya nguruwe wadogo. Usiwe na wasiwasi, Inspekta, chupa zimefungwa."

Tadjiddine hakucheka. Alizaliwa hapa Mahajanga, mtaa wa Ampisikina, katika nyumba ya Wangazija ambamo hata jina la mnyama yule halikutajwa wakati wa kula. Na sasa, mwaka wa tatu wa uhuru, serikali ilikuwa imemtuma kupeleleza mauaji ya wanyama hao watano. Mke wake alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini.

Ratsimba alikuwa mtu wa nyanda za juu, mwembamba, na macho mekundu ya mtu aliyekosa usingizi siku nyingi. Ndiye aliyekuwa mzalendo wa kwanza kukabidhiwa kituo hiki cha mifugo nje ya mji, na ilionekana wazi kwamba alikuwa akikibeba kituo chote mabegani.

"Nieleze kama unavyomweleza mtoto," Tadjiddine alisema.

Daktari akaeleza, tena vizuri. Alichukua nguruwe kumi na sita walioachishwa kunyonya siku moja. Akawagawa kwa kura, wanane banda la kwanza, wanane banda la pili. Wote walipewa uji wa muhogo washibe. Tofauti ilikuwa moja tu: banda la kwanza waliongezewa samaki mkavu aliyetwangwa.

"Watu wanadhani ini hujaa mafuta kwa sababu ya kula mafuta," alisema. "Muhogo hauna mafuta, Inspekta. Ini lenyewe linayatengeneza kutokana na wanga, kisha lazima yatolewe yapelekwe mwilini. Protini ndiyo inayoyabeba. Fikiria bohari la bandarini. Mizigo inaingia kila siku, na wachukuzi hawajaja kazini."

"Bohari linajaa."

"Mpaka mlangoni. Na protini iko kwenye samaki. Kwa hiyo banda la pili nilitarajia kuona maini ya namna hii, na nimeyaona. Wanne wamekufa, wanne ni wagonjwa. Lakini haya matano ni ya banda la kwanza. Walikula samaki wiki tisa, wakafa ndani ya siku kumi na mbili. Hawakupaswa kufa hivi."

"Ni kitu gani kingine kinachoweza kuligeuza ini hivi?"

Ratsimba akavuta droo, akatoa kopo la bati. "Fosforasi. Dawa ya panya. Limekutwa nusu tupu kwenye ghala la chakula. Ufunguo wa ghala anao mtu mmoja."

Mtu huyo alikuwa Boinali, mlishaji, na tangu Jumatatu alikuwa mahabusu. Jumamosi asubuhi angefikishwa kwa hakimu. Mjini hukumu ilikwisha kutoka: Mwislamu kapewa nguruwe awalishe, ulitegemea nini? Waliokuwa wakisema hivyo kwa hasira na waliokuwa wakisema hivyo kwa sifa walikuwa wanampeleka jela mtu yule yule.

"Vipimo vya sumu?"

"Nimepeleka mji mkuu, Tananarive. Majibu ni wiki tano."

Boinali hakuwa na wiki tano.

"Na watatu waliobaki banda la kwanza?"

"Wazima, wanene. Labda sumu haikuwafikia."

Tadjiddine aliliandika hilo, akalipigia mstari, akaomba ufunguo wa ghala.

Ghala lilimfurahisha. Alikuwa amepita maghala mengi ya watu wazembe, na hili halikuwa mojawapo. Magunia ya unga wa muhogo yalipangwa juu ya mbao, mbali na ukuta. Magunia mawili ya samaki wa kutwangwa yalifungwa kwa fundo moja, lile lile, kila mahali. Kopo la kupimia lenye mpini mrefu lilining'inia kwenye msumari, safi, limekaushwa. Kando yake ulining'inia mwiko mkubwa wa kuchanganyia, ubao wake mweupe kama ulivyotoka kwa seremala. Nje ya mlango palikuwa na bomba, na chini ya bomba bakuli la udongo mkavu uliochekechwa.

Alipouona udongo ule, Inspekta alitabasamu peke yake. Alijua kazi yake bila kuuliza. Kilichoguswa na nguruwe kinaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Ndivyo alivyofundishwa katika chuo cha Kurani na ndivyo walivyofundishwa watoto wote wa Ampisikina. Basi Boinali alifanya kazi ya serikali bila kuiacha dini yake, na kila jioni aliilipia gharama hiyo pale bombani. Tadjiddine alimpenda kabla hajamwona, jambo ambalo si zuri kwa mpelelezi, na alilijua.

Alimkuta mahabusu, ameketi wima, kofia imekunjwa juu ya goti. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mikono mikubwa. Walisalimiana kwa Kingazija, wakaulizana habari za nyumbani kama inavyopasa, kisha Tadjiddine akafungua daftari.

"Nani alikuwa akiwalisha?"

"Mimi. Asubuhi na alasiri."

"Samaki ulipima?"

"Makopo manne banda la kwanza. Hayajapungua hata siku moja, wala hayajazidi."

"Na dawa ya panya, kaka Boinali?"

"Panya walikuwa wanatoboa magunia. Niliiweka pembe nne za ghala, chini ya vigae, ili isifike kwenye chakula. Nyanyua vigae utaona."

"Unawachukia wanyama wale?"

Boinali alifikiri. "Siwali, siwagusi. Kuchukia ni neno jingine."

"Nguruwe walipoletwa kituoni, walishaji watatu waliacha kazi. Wasakalava wawili wa pwani hii na Mngazija mmoja. Wewe ulibaki. Kwa nini?"

Hapo mtu yule aliyekuwa akijibu kabla swali halijaisha alishusha macho. Akaigeuza kofia juu ya goti.

"Kazi ni kazi," alisema hatimaye.

"Kuna jambo unanificha."

"Wallahi sikuwatilia sumu, bwana Inspekta."

"Sikukuuliza hilo."

Lakini hakupata zaidi. Alirudi kituo cha mifugo akanyanyua vigae. Pembe zote nne alikuta dawa iliyokauka na mifupa ya panya, na kwa kadiri alivyoweza kukisia, iliyowekwa pale ilikaribia nusu ya kopo. Hakimu asingetosheka na hilo. Mtu anaweza kuua panya na nguruwe kwa kopo moja.

Ikabaki njia nyingine: huenda samaki aliharibika tangu alikotoka. Juu ya gunia palikuwa pameandikwa kwa rangi, Ambanoro, Nosy Be. Alhamisi asubuhi alipanda ndege ya barua kwenda kisiwani huko.

Gari la polisi lilimchukua Andoany, mji mkuu wa kisiwa, likampitisha kwenye mashamba ya milangilangi ambayo harufu yake ilimpa kizunguzungu, likamshusha Ambanoro mbele ya uwanja wa vichanja vya samaki. Bibi Sittou, mjane aliyekianika na kukitwanga kitoweo kile pamoja na wanawake sita, alimpokea na mchi mkononi. Alichanganya Kingazija na Kisakalava katika sentensi moja na hakungoja mtu amfuate.

"Wanasema samaki wangu ameua?"

"Hakuna aliyesema hivyo, mama. Nauliza tu."

"Umetoka Mahajanga kwa ndege kuja kuuliza tu."

Akaweka mchi chini, akatumbukiza mkono katika gunia lililokuwa tayari kwa safari, akatoa konzi nzima, akaitia mdomoni. Alitafuna bila kuondoa macho usoni kwake, akameza, akajipangusa midomo kwa ncha ya kanga.

"Kesho uliza kama nimeamka," alisema. "Sasa ingia ndani, ni wakati wa kula."

Tadjiddine alikuwa amehoji majangili na mawakili, na hakuwahi kupata ushahidi mzito kuliko ule. Alikagua vichanja, akanusa magunia, akaonja na yeye ncha ya kidole. Samaki alikuwa safi. Basi njia hii nayo ilifungwa, na ilikuwa imebaki siku moja na nusu.

Aliingia ndani akiwa mtu aliyeshindwa, akaketi mkekani na wajukuu sita wa Bibi Sittou kuzunguka sinia la wali. Katikati, juu ya wali, palikuwa na samaki wawili wa kuchoma. Wavulana wawili wakubwa waliinyoosha mikono kabla bismillahi haijaisha vizuri. Bibi Sittou aliwapiga vidole kwa mwiko wa wali, pale pale, bila hasira, mtu aliyezoea. Kisha akavunja samaki kwa mkono wake, akamtoa mifupa, akazichanganya zile nyama na wali na kusukuma fungu mbele ya kila mtoto, akianzia kwa mdogo.

"Unawahudumia kama wageni," Tadjiddine alisema.

"Nikimwacha pale juu, hawa wawili wanammaliza na wadogo wanashiba wali mtupu. Na mimi nitaapa kwamba nimewapikia wote samaki, na kweli nimepika." Akamwonyesha msichana mdogo aliyeketi karibu yake kabisa. "Hachimia huyu aliletwa kwangu kutoka nyumba ya sinia moja na watu kumi. Hakunyimwa chakula, mwanangu. Kila siku alikula akashiba. Lakini alikuja miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi ya kutu, halii wala hachezi. Kosa lake lilikuwa udogo tu."

Mkono wa Inspekta ulisimama katikati ya sinia. Watoto wakamtazama.

Akilini aliliona hori la kulishia la banda la kwanza. Aliona kopo la mpini mrefu, mwiko mweupe ambao haujawahi kulowa, na bakuli la udongo alilolitabasamia jana kisha akalipita, mpumbavu mkubwa yeye, kwa kuwa alilijua mno.

"Mama," alisema, "chakula kikiwa na sumu juu ya sinia hili, nani angekufa kwanza?"

"Mungu apishe mbali. Hao wawili, walafi hao."

"Na hao wawili wakiwa wazima na wadogo wamekufa?"

Bibi Sittou alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza jua linatoka wapi. "Basi si sumu. Ni kwamba hakuna mtu aliyewagawia."

Tadjiddine alikula sehemu yake yote, kwa sababu kuiacha kungekuwa utovu wa adabu mbele ya akili kubwa namna ile. Ijumaa asubuhi ndege ilimrudisha Mahajanga, na baada ya sala alikuwa ofisini kwa daktari.

"Kila nguruwe ana namba sikioni. Uliwapima siku ya kwanza, mmoja mmoja?"

"Bila shaka."

"Nisomee banda la kwanza. Watatu wazito kuliko wote."

Ratsimba akafungua daftari. "Namba mbili, namba tano, namba nane." Kidole chake kikarudi juu ya mstari. "Ndio walio hai."

"Na baada ya hapo, kila wiki?"

"Nilipima banda zima kwa pamoja, nikagawanya kwa nane. Uzito ulipanda kila wiki, kwa hiyo…" Aliliweka daftari mezani polepole. Alikuwa msomi wa kweli, hakungoja kusukumwa. "Watatu walinenepa vya kutosha kuficha kukonda kwa watano."

"Sasa tuangalie wakati wa chakula."

Aliagiza Boinali aletwe kutoka mahabusu. Kwa ombi lake daktari aliwahamishia wale wanne wagonjwa wa banda la pili kwenye banda la wale watatu. Walikuja wakiburuta miguu, masikio yameanguka, mmoja wao mdogo kuliko paka mnene.

"Kaka Boinali," Tadjiddine alisema, "walishe kama unavyowalisha siku zote. Usiongeze, usipunguze."

Boinali alimwaga uji wa muhogo horini kutoka kwenye ndoo, juu ya ukuta, bila kuugusa ukuta. Kisha akaja na kopo la mpini mrefu. Moja, mbili, tatu, nne. Samaki akaanguka juu ya uji mweupe na kukaa pale, tabaka la kahawia. Kazi ilikuwa nadhifu kuliko ya mpishi wa gavana.

Wale watatu walifika kwanza. Walitandaza mabega yao kwenye hori lote, wakalamba tabaka lile mwanzo hadi mwisho, huku wakiwarusha wadogo kwa pua. Hawakuchukua hata dakika tano. Walipotosheka waliondoka, na wale wanne wakasogea wakala uji uliobaki, mweupe, mwingi, mpaka wakashiba.

Daktari alishika ukuta kwa mikono miwili.

"Mwiko," alisema. "Nilikuagiza uchanganye kwa mwiko."

Boinali alivua kofia. Alizungumza kwa Kimalagasi ili daktari amsikie mwenyewe. "Uliniagiza. Mwiko ukiingia humo unatoka na mate yao, bwana daktari, na yanatiririka mpaka mkononi. Siku ya kwanza nilijiambia nitauosha mara saba. Nikaona nitauosha mara saba asubuhi, mara saba alasiri, na nguo, na mikono, na sala itanipita. Nikasema samaki ni yule yule, kipimo ni kile kile, kuna tofauti gani akikaa juu?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemtafuta mwingine."

"Wenzako waliondoka na hawakujuta," Tadjiddine alisema kwa upole. "Wewe kazi yako ya zamani ya kulisha ng'ombe ungerudishiwa wakati wowote. Juzi nilikuuliza kwa nini ulibaki."

Boinali aliigeuza kofia mkononi. "Daktari alituambia siku ya kwanza kwamba ini la mnyama huyu linafanya kazi kama la mtu. Akasema anataka kujua kwa nini watoto huvimba wakiachishwa ziwa. Mimi nilikuwa na binti, Zaharia. Alivimba. Tulimpa muhogo mwingi zaidi, maana tuliona anadhoofika." Akaivaa kofia tena, ikakaa upande, hakuijali. "Nilitaka niwepo jibu likipatikana. Kumbe nimeliharibu mimi mwenyewe."

Inspekta alikuwa na hotuba fupi aliyoitayarisha ndani ya ndege. Aliiacha, akaanza kutafuta karatasi mfukoni.

Aliyesema ni Ratsimba. Alizunguka ukuta, akasimama mbele ya mlishaji wake, msomi aliyesomea Ulaya mbele ya mtu aliyesoma Kurani tu, naye ndiye aliyeinamisha kichwa.

"Hukuliharibu. Nilikuwa nikijaribu mabanda mawili, na wewe umenipa la tatu bila mimi kujua. Hori moja, siku moja, wanyama wa ukoo mmoja, na aliyekosa samaki ini lake limejaa mafuta. Nilipaswa kuliona kwenye mizani yangu. Badala yake nimekuweka mahabusu siku tano. Unisamehe."

Tadjiddine alitoa karatasi ya kumwachia mshukiwa, akaiegemeza ukutani, akaandika: hakuna sumu, hakuna kosa la jinai. Akatia saini. Kalamu ilikuwa bado mkononi aliposikia Boinali akiuliza, kwa sauti ya mtu asiyejua kama bado ana haki ya kuuliza:

"Na hawa wanne? Watakufa?"

"Wakila sawasawa kuanzia leo, huenda wasife," daktari alisema. "Mafuta hutoka. Lakini lazima chakula kichanganywe."

"Muhogo ni halali?" Tadjiddine akauliza.

Boinali alimgeukia. "Ni halali."

"Na samaki wa Bibi Sittou?"

"Ni halali."

"Basi mpaka vifike horini, ni chakula cha watu. Nani kasema vichanganywe bandani?"

Boinali akaenda ghalani karibu mbio. Wakamkuta amekunja mikono ya kanzu mpaka juu ya viwiko, ameinamia beseni safi, anachanganya uji na samaki kwa mikono yake miwili, anavunja kila donge, mpaka ukawa na rangi moja. Daktari aliwatenga wale wanne, na Boinali akakimwaga chakula juu ya ukuta bila kuugusa.

Watatu kati yao wakala. Yule mdogo kuliko wote alibaki nyuma, amezoea kungoja wakubwa washibe. Boinali aliinama juu ya ukuta, karibu kuliko alivyowahi kuinama.

"Kula, mwanangu," alisema kwa Kingazija, taratibu. "Hiki ni chako."

Kisha akashtuka, akageuka kuona kama kuna aliyesikia. Inspekta Tadjiddine alikuwa amekwisha kutazama pembeni, na kwenye daftari lake hakuandika neno. Nyuma ya ukuta, yule mdogo alikuwa ameanza kula.